Eti Mbeya hakuna stori

Juzi kuna dogo kanitumia stori yake WhatsApp, kurasa kumi na mbili, anaomba niipitie. Ukurasa wa kwanza tu tushafika Masaki, pembeni ya bwawa la kuogelea, Natasha anakunywa waini, mara Range Rover nyeusi hiyo inapaki. Nikamuuliza, umeshawahi kufika Masaki? "Hapana kaka." Dar je? "Mara moja, tulienda msibani Mbagala." Sasa si uniandikie huo msiba wa Mbagala! Akacheka. Basi andika hata Isyesye hapo Mbeya unapokaa, ndo akanijibu kitu kilichoninyima usingizi: "Kaka huku kwetu kuna nini sasa, mi nasubiri nikipata hela nihamie Dar, msukumo utakuja tu."

Kuna nini. Haya.

Hapo Mbozi limelala dude la chuma la kama tani 12, limedondoka kutoka angani, na wewe unauliza kuna nini. Panda basi mpaka Iringa uende Kalenga ukaone fuvu la Mkwawa, mtu aliyejiua 1898 ili Wajerumani wasimpate mzima, kichwa chake kikapelekwa Ulaya mpaka 1954 ndo kikarudi nyumbani. Ila hayo makubwa tuyaache, maana nayo yana ugonjwa wake, mtu akishasikia kimondo tu anaacha stori anaanza kuandika kama kipeperushi cha utalii.

Mi ninachopigia kelele ni masikio. Natasha wa dogo anaongea kama tamthilia iliyotafsiriwa, "oh, siwezi kuamini unanifanyia hivi", nani anaongea hivyo? Dogo hamjui huyo mwanamke, kwa hiyo atamsukuma mpaka ukurasa wa kumi na mbili halafu atakwama, kwa sababu hajui asubuhi anakunywa chai na nini, anadaiwa na nani, akikasirika anakuwa kimya au anafua nguo kwa fujo. Akikwama atasema msukumo umekata, kama vile ni umeme. Sasa mchukue mama anayeuza viazi Mwanjelwa. Huyo dogo anamjua toka mdogo, anajua anavyolijaza sado mpaka lipande kilima halafu akigeuka kukufungia vile viwili vya juu vimerudi kwenye kiroba. Siku moja nimembembeleza anipunguzie mia tano akaniangalia toka viatu mpaka kichwani, akasema, "Chukua tu mwanangu, hata mimi nilishawahi kuwa na sura ya njaa." Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, na ile sentensi moja ilinipa kurasa sita bila kujikamua.

Haya, nakubali kwa shingo upande, za Masaki zinasomwa. Wale wanaouza stori vipandevipande kwenye magrupu wanalipwa, mimi na viazi vyangu sijalipwa hata vocha.

Na nyie wa "sina muda": Mwalimu Nyerere alikuwa Rais, nchi bado mbichi kabisa, na 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Wewe una duka la vocha. Halafu cha ajabu ile tuzo yenye jina lake ya uandishi bunifu ikitangazwa, muda wenu wote unarudi siku hiyo hiyo. Wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, pia nawasikia, eti unafungua akili. Unafungua mdomo tu.

Sisemi haya kama mtakatifu. Mwaka jana nilikaa miezi minne sijaandika hata mstari, nikajidanganya nahitaji utulivu, nikakopa hela nikaenda Matema na laptop, nikae ziwani kama waandishi wa kwenye picha. Nimekula samaki siku tatu, upepo mzuri, mawimbi mazuri, kurasa sifuri. Nikarudi na deni.

Sasa kwenye haisi ya kurudi, Tukuyu mvua ile ya kwao isiyo na aibu, vioo vyote vimefungwa, tumebanana wanne wanne na kuku wa mtu chini ya siti, mama mmoja mbele yangu anaongea na simu, sauti ya chini kabisa, akasema: "Mwambie msibani nakuja. Ila kulia silii." Akakata simu, akaiweka kwenye pochi, akatulia anaangalia migomba.

Nikatoa daftari kwenye mfuko wa sweta, mkono umeganda kwa baridi mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Alishukia Igawilo, wala hakugeuka, sijui jina lake sijui nani kafa. Ila ninaye mpaka leo, tuko ukurasa wa arobaini, ameshafika msibani, kajifunga kanga amekaa na wenzake jikoni anamenya ndizi, wote wanamwangalia kwa pembeni. Bado hajalia.