Mafuta ya kupima, sabuni ya pakiti, na lawama isiyomstahili mnunuzi

Anayetaka kununua vitu vya nyumbani bila kuchafua mazingira hushauriwa anunue kwa jumla: dumu la mafuta ya kula la lita 20 badala ya chupa, mfuko mkubwa wa sabuni ya unga badala ya vipakiti. Kwa hesabu, ushauri huo ni sahihi. Bei ya kila lita hushuka, na plastiki inayotupwa hupungua. Lakini unamfaa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama lishe, dereva wa bodaboda na kibarua wa ujenzi hupata pesa ya siku, na mafuta ya jioni hutoka kwenye pesa hiyohiyo. Kuwalaumu kwamba wanachafua mji kwa sababu hawakununua dumu ni kuwaonea.

Tena kununua kidogo kuna namna mbili zisizofanana hata kidogo. Dukani kwa Mangi, Dar es Salaam, mteja huja na chupa yake, akapimiwa mafuta ya robo lita, akachukua na kipande cha sabuni ya mche. Hapo karibu hakuna kinachotupwa. Anayenunua sabuni ya unga ya kufua mara moja tu huondoka na pakiti isiyo na kazi tena baada ya dakika chache. Pakiti hizo mara nyingi ni tabaka za plastiki za aina tofauti zilizobanwa pamoja, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Waokota chupa huziacha kwa sababu hakuna anayezinunua kwa kilo. Mvua ikinyesha zinaziba mitaro, nyingine zinafika Mto Msimbazi.

Katazo la mifuko ya plastiki la Tanzania, la tarehe 1 Juni 2019, halikuzigusa pakiti hizo, kwa kuwa vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa nje. Kenya nayo, ilipopiga marufuku mifuko mwaka 2017, iliacha nje vifungashio vya kiwandani.

Hata hivyo pakiti ina hoja yake, na si ndogo. Imefungwa, ina tarehe, uzito umeandikwa, na mtu hahitaji kumwamini muuzaji. Mafuta ya kupima hayana uhakika huo. Mnunuzi hajui pipa lilitoka wapi wala kama limechanganywa. Kikopo cha kupimia kinaweza kuwa kimebonyezwa kitako. Kuna jambo jingine linalozungumzwa kidogo mno: tangu mwaka 2011 kanuni zinataka mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, na vitamini hiyo huharibika kwa mwanga na hewa. Mafuta yaliyokaa juani kwenye chupa nyeupe mbele ya duka yanampa mtoto pungufu ya alichostahili. Hilo linaniuma kuliko kikopo kilichobonyezwa.

Nikipima yote, bado nipo upande wa kupima, kwa sababu kasoro zake zinarekebishika. Pipa linaweza kufunikwa na kuwekwa kivulini, na vipimo vya duka vikahakikiwa na Wakala wa Vipimo mara kwa mara hadi mitaa ya ndani. Majirani watatu wanaoaminiana wanaweza kuchanga wakanunua dumu wakagawana. Pakiti, kwa upande wake, ikishachanwa hakuna anachoweza kuifanya mnunuzi. Dawa yake iko kiwandani. Serikali ilishaonyesha kwamba pakiti inagusika: viroba vya pombe, yaani vipakiti vidogo vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kwa sabuni sipendekezi marufuku ya ghafla, maana itamwumiza yuleyule anayefua kwa pesa ya siku. Kiwanda kinachouza vipakiti kigharimie kwanza mashine za kupimia sabuni madukani, kwa bei isiyozidi ya pakiti, ndipo pakiti ziondolewe.