Malaika sio wimbo wa sendofu jamani

Najua mama zangu wadogo wakisoma hii watanichukia ila acha niseme tu, Malaika sio wimbo wa kumwingizia bibi harusi ukumbini. Ni wimbo wa jamaa aliyekosa mahari. Hakuoa. Wimbo unaanza hajaoa, unaisha hajaoa, na hapo katikati kazi yake ni kueleza kwanini haoi, sasa nyie mnaupiga wakati wadogo zake binti wameshapanga mistari na maua na emsii anasema simameni wote tumpokee, hivi huwa mnamaanisha nini?

Na huku kwetu Moshi na Arusha hauna pa kuukwepa. Sendofu, yaani ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, upo, harusi upo, hata kipaimara nimeshausikia, ukienda zile hoteli wanazofikia watalii walioshuka mlimani vijana wakishamaliza Jambo Bwana lazima waingie Malaika na mtalii anafumba macho kabisa. Huyo simlaumu, hajui kinachosemwa. Sisi je?

Disemba iliyopita ndo uvumilivu ukaisha. Sendofu ya binti wa jirani, ukumbi mmoja hapa Moshi mjini, nimekaa meza moja na mzee wa Kibosho kutoka upande wa mwanaume, mzee mpole tu na kofia yake, anakula ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, taratibu. Upande wao walikuwa wametoka kumaliza mahari wiki ile ile na haikuwa ndogo, maana habari zilishavuja kwenye grupu la kamati: mbege (pombe yetu ya ndizi), mbuzi, mkaja wa mama, blanketi la bibi, bado hela taslimu, na kuna kipengele kiliongezwa dakika za mwisho ambacho hata mshenga alikuwa hakijui. Basi dijei akaachia Malaika, saundi imefunguliwa mpaka glasi zinatetemeka mezani, binti anaingia kwa madaha, mashangazi na sare zao za kitenge wanamsindikiza kwa vigelegele, ikafika pale jamaa anaposema anashindwa kwa sababu mali hana, yule mzee akaniinamia sikioni akasema, "Huyu kijana, mbe, angekuja kwetu tungemkopesha mbuzi." Soda ilinipalia. Lakini nikawaza baadaye kwamba ukumbi mzima ule, watu karibu mia tatu, labda ni yeye peke yake aliyekuwa anasikiliza maneno.

Sasa tumzungumzie huyo kijana asiye na mali, maana kisa chenyewe kina utata kuliko wengi wanavyojua.

Aliyeurekodi mpaka ukajulikana ni Fadhili William, Fadhili William Mdawida kwa kirefu, Mtaita wa Kenya, kazaliwa 1938. Taita Taveta sio mbali jamani, ukitoka Moshi ukapita Himo ukavuka Holili ushafika Taveta, hiyo hiyo ambayo mama zetu wanapeleka ndizi gulioni. Aliurekodi mara ya kwanza na bendi ya Jambo Boys mwaka 1960 hivi, kisha ukaja kurekodiwa tena Equator Sound, studio ya Mzungu mmoja Charles Worrod pale Nairobi, na pale Equator ndo palikuwa penyewe miaka hiyo. Alikuwepo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, wakaja na Wazambia wawili Nashil Pichen na Peter Tsotsi, tiwisti inapikwa pale mpaka Ulaya wanainusa, si mnajua Helule Helule ya Kabaka ilichukuliwa na kundi la Uingereza la Tremeloes mwaka 1968 ikawa hiti huko kwao? Basi ni kizazi hicho.

Ukiitafuta ile ya Fadhili usikilize kwa headifoni, sio kwa spika ya ukumbini, utashangaa. Gitaa halina haraka. Sauti haijikakamui, hapandishi, halii. Anasema ningekuoa, mali sina, pesa zinasumbua roho yangu, basi. Hamtukani binti, hamtukani baba mkwe, na kitu ambacho mimi huwa kinaniuma zaidi ni kwamba hata aliyemwoa hatajwi kabisa. Siku hizi msanii akiachwa tunapata albamu nzima ya vijembe.

Aliyeutunga sasa ndo kesi. Shemeji yake Fadhili, ambaye alipiga naye Jambo Boys, anashikilia kwamba Fadhili aliutunga kwa ajili ya mpenzi wake wa tangu shule, mahari ikamshinda, binti akaolewa na aliyekuwa na uwezo. Upande wa pili yupo Mtanzania mwenzetu Adam Salim, mzaliwa wa 1916, yeye alisema aliutunga akiwa Nairobi mwaka 1945 au 46, kwa binti mzuri sana aliyempenda, wazazi wakakataa, binti akaozeshwa kwa tajiri wa Kiasia. Na kuna mtu wa tatu wa Mombasa naye anasema wimbo ni wake. Umeona lakini? Majina tofauti, miaka tofauti, ila kisa kile kile, kijana hana kitu na mwenye hela kachukua mtoto.

Mimi kama ningekuwa hakimu ningeegemea kwa Adam Salim. Nusu. Nawasikia wanaosema kama ni wako mbona hukurekodi, hao hawajui mambo yalivyokuwa, miaka ya 40 nani alikuwa anaingia studio kirahisi? Wimbo ulikuwa unatungwa unapigwa dansini, mpiga gitaa mwingine anausikia, anaondoka nao kwa treni, wiki ijayo unapigwa mji mwingine na yule aliyeutunga hata hajui. Mwaka 1945 Fadhili alikuwa mtoto wa miaka saba. Kwahiyo kwamba wimbo ulikuwepo kabla yake mimi naona inawezekana kabisa. Lakini nasema nusu kwa sababu hicho kisa cha mahari sio ushahidi, mwanaume gani wa Afrika Mashariki wa wakati ule hakuwa nacho? Angalia tu hapa hapa Kilimanjaro. Kahawa ilishaleta hela, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933, mzee mwenye kihamba chake, shamba la ukoo la migomba, na kahawa yake anaweza akaongeza mke akitaka, na kijana wake aliyemaliza darasa la nne hana hata mgomba mmoja wa kwake anasubiri agawiwe. Akitaka kuoa aende Nairobi au Tanga akatafute, arudi na kitu mkononi. Akirudi miaka mitatu baadaye anakuta binti ana watoto wawili. Wangapi walirudi hivyo na hawakujua kupiga gitaa?

Sasa nije kwenye hoja yangu yenyewe, kwamba huu wimbo ulifikaje kwenye keki na maua.

Mimi nalaumu safari. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani wakautia kwenye ile albamu yao ya pamoja, Marekani wakaipenda, mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Grammy ya muziki wa kiasili. Makeba simsemi vibaya, sauti ile ni zawadi na bila yeye pengine dunia isingejua hata kama kuna wimbo unaitwa Malaika. Ila kuanzia hapo ukawa wimbo mtamu. 1967 kundi la Sweden, Hep Stars, wakautoa, na humo ndani alikuwemo Benny Andersson ambaye baadaye ndo huyo huyo wa ABBA, kundi lililotikisa dunia, yaani ufukara wa kijana wetu ulishapita mikononi mwa ABBA kabla hawajawa ABBA. Wakaja Boney M, kundi la disko la Ujerumani, 1981. Ile ya Boney M mimi siiwezi, samahani, maana pale mwenye shida ya mahari anabembea kama yuko ufukweni na kokteli mkononi. Angelique Kidjo wa Benin akaufanya 1991 kwenye albamu yake ya Logozo na yeye angalau aliurudishia uchungu wake, ila sendofu za Moshi huwezi kusikia ya Kidjo.

Umeona kilichotokea. Wazungu waliupenda kwa sauti, maneno hawakuwa nayo, nao ukazunguka huko miaka na miaka ukiwa wimbo wa mapenzi matamu, sisi tukaupokea ulivyorudi. Umerudi nyumbani kwao kama mtalii, tukauvisha shanga tukaupiga picha. Kiswahili tunakijua vizuri, kila neno la ule wimbo mtoto wa darasa la tatu analielewa, na bado tunausikiliza kama yule anayefumba macho pale hotelini.

Mama mdogo mmoja aliniambia, aisee wewe una matatizo, wimbo ni melodi. Haya. Basi siku moja tupige ule wa msibani kwa sababu melodi ni nzuri, tuone wangapi watabaki ukumbini.

Na halafu kuna hili la hela, ambalo ndo linanifanya nisiweze kuuchukulia kama mapambo. Kwenye biashara ya muziki anayetambuliwa kama mtunzi ndo anayetakiwa kulipwa mirabaha kila mtu mwingine anaporekodi wimbo wake, haijalishi ni Makeba au ni Boney M, ndo maana ule ubishi wa nani katunga sio ubishi wa sifa tu. Na studio nyingi za enzi zile huku kwetu mazoea yalikuwa mwanamuziki anapewa kiasi fulani anaondoka, karatasi zinabaki kwa mwenye studio, kijana wa miaka ishirini na kitu atajua wapi mambo ya hakimiliki ya London? Fadhili alikuja kuishi Marekani miaka mingi, akarudi Kenya, akafariki Nairobi Februari 2001 na mabishano hayajaisha. Kwahiyo yule anayelalamika kwenye wimbo kwamba pesa zinamsumbua, zilimsumbua binti akaenda, wimbo ukazaa hela, na hela zenyewe zikaanza kusumbua upya. Kama aliutunga Fadhili ilimkuta, kama aliutunga Adam Salim ndo kabisa, maana huyo alikosa mke akakosa na jina.

Mimi sisemi tuache kuupiga. Nikisema hivyo nitafukuzwa ukoo. Nasema una mahali pake, na sio sendofu ambapo kila kitu kimeshalipwa na watu wanakula. Mahali pake ni kikao cha mahari. Pale sebuleni, wazee wa upande wa mwanamke wamekaa kwenye makochi, wa upande wa mwanaume kwenye viti vya plastiki, mbege inazunguka, mjomba anavaa miwani anafungua daftari kubwa anaanza kusoma orodha, ng'ombe, blanketi, jaketi la babu, na kijana mwenyewe yuko nje kwenye gari anatuma meseji kwa mshenga "wamefika ngapi?" Hapo ndo wimbo uwekwe, ile ya Fadhili, sauti ya chini, wasikie wote mpaka ubeti wa pesa.

Kaspika kadogo ka kuchaji ninako, kanakaa masaa matano. Mwenye kikao Disemba hii mshenga wake anicheki tu, na mjomba akigeuka kuuliza nani kaweka huo wimbo, mimi sitajitaja.