Sinema bubu inamtaka VJ

Huku Ujerumani sinema bubu iliyokarabatiwa huangaliwa kwa adabu ya kanisani. Mpiga kinanda anaanza, na ukumbini hasikiki hata wa kukohoa. Nasema bila kusita: kibanda cha video cha Katwe, Kampala, kingeiangalia vizuri zaidi, maana tunaye VJ, yule anayeshika maiki na kuisimulia filamu papo hapo.

Sinema bubu haikuwa kimya tangu mwanzo. Japani walikuwa na benshi, msimulizi aliyekaa kando ya skrini akiwasemea waigizaji wote. VJ wetu anafanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda, na mtazamaji wa Kampala amekwisha kuzoea kuona mdomo wa huyu na kusikia sauti ya yule.

Tunaposhindwa ni kwenye kutunza. Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, ilikatwakatwa muda mfupi baada ya kutoka. Mwaka 2008 nakala ndefu ya milimita 16 ikapatikana Buenos Aires, na toleo la 2010 likarudishiwa dakika kama 25. Vipande hivyo utavijua: mikwaruzo inashuka kama mvua. Mtu aliiweka nakala ile ghalani miongo mingi. Sisi filamu ya Who Killed Captain Alex? iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwaka 2010 tu, imebaki na toleo lenye sauti ya VJ Emmie peke yake. La awali limepotea. Hilo linauma.

Anayetaka kuonyesha Nosferatu ya 1922 nyumbani atafute nakala yenye rangi. Matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa bluu ili mtazamaji ajue ni usiku. Ukichukua ile ya nyeusi na nyeupe tupu, mnyonya damu anayeuawa na jua anabeba jeneza lake mchana kweupe, na hadithi yote inavunjika.

Halafu mwendo. Roli ya filamu ya milimita 35 yenye urefu wa mita 305 ina fremu, yaani picha moja moja, 16,000. Kwa fremu 16 kwa sekunde inachukua dakika 16 na sekunde 40. Ukiikimbiza kwa 24 inaisha kwa dakika 11, na watu wanatembea kama kuku aliyefukuzwa. Waigizaji hawakuwa hivyo, kosa ni la mashine. Mkarabati mzuri hurudia fremu moja katika kila tatu, hivyo filamu ya fremu 18 kwa sekunde ikawa ya 24.

Kwenye televisheni pana, zima kitufe cha kutanua picha: nyuso hunenepa kwa theluthi nzima. Zima pia kile cha kulainisha mwendo, kinabuni fremu ambazo hazikupigwa. Mistari myeusi pande mbili za picha iache ilivyo.

VJ apewe filamu siku mbili kabla, aandike dakika ya kila kibao cha maandishi kinachotokea katikati ya picha, asome kibao kikiwa bado kwenye skrini. Akichelewa, maneno yataangukia uso wa mtu mwingine. Katikati ya vibao ana uhuru wake wote, aite mitaa, awape watu majina. Ila kivuli cha mnyonya damu wa Nosferatu, chenye kucha ndefu, kikianza kupanda ngazi, ashushe maiki na muziki ubaki peke yake.