Mgeni kwenye grupu la kazi: WhatsApp inatosha kuwa ofisi?

Saa mbili na robo asubuhi, dada mpya wa oda anaripoti kwenye duka la vitenge Kariakoo. Maliwato hajaonyeshwa yalipo, lakini namba yake imeshaingizwa kwenye magrupu matatu: la mauzo, la usafirishaji, na lile la wote ambamo bosi hutuma dua za asubuhi na habari za mshahara. Anafungua la mauzo, anakuta mstari mmoja unaosema ameongezwa. Kwa kawaida, yaliyozungumzwa kabla yake hayaoni. Saa tatu mteja anaandika: "Dada, ile bei ya jana ya jora mbili bado ipo?" Bei gani, aliyeahidi nani, jora za kitenge kipi? Anainua kichwa kutafuta wa kumuuliza. Mwenzake yuko ghalani.

Duka hilo ni mfano tu, ila saluni, ofisi za usafirishaji na hata shule binafsi nyingi za Tanzania na Kenya zinaendeshwa hivyo hivyo. Kila panapozungumzwa tija, swali hurudi: wahame WhatsApp waende kwenye zana zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama Slack na Microsoft Teams za mazungumzo ya kazini, au Trello ya kufuatilia kazi, au wabaki walipo? Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba hupima kwa kasi ya wazoefu, na mzoefu hafai kuwa kipimo, maana nusu ya mfumo anao kichwani. Anayefaa kuwa kipimo ni mgeni. Ikifika siku ya tano, anaweza kumhudumia mteja bila kumvuta mtu shati?

Tuanze na wanaosema tubaki, kwa sababu washauri wa biashara huwadharau bila haki. Mteja yuko WhatsApp, na hilo peke yake ni nusu ya hoja. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka 2018, ni bure. Ina katalogi inayobeba hadi bidhaa 500, lebo za kutenganisha "hajalipa" na "mzigo umetoka", ujumbe wa kukaribisha, na majibu ya haraka yapatayo 50 yanayoitwa kwa kuandika mkwaju (/) na neno fupi. Mtu aliyemaliza kidato cha nne jana anajua kuitumia leo. Hakuna mafunzo ya kununua wala kompyuta ya kuazima, na mabando ya mitandao ya kijamii huwa nafuu kuliko ya intaneti yote.

Mwenendo wa masoko nao unaipa nguvu hoja hiyo. Siku hizi mteja huona kitu kwenye video fupi ya TikTok au Instagram, kisha huja kununulia WhatsApp. Hapo katikati ndipo lilipo lile gomvi la "bei njoo DM", yaani bei haiandikwi hadharani, mteja aiulize kwa ujumbe wa faragha. Wanaoficha bei wana sababu: mshindani hanakili, bei ya jumla na ya rejareja hazigongani mbele ya watu, na kila anayeuliza anaacha namba yake. Wanaopinga nao wanasema kweli: mteja huwaandikia wauzaji watano kwa pamoja, na wa kwanza kujibu ndiye anayeuza. Kwa maoni yetu, kuficha bei kunalipa pale tu ambapo kuna mtu wa kujibu ndani ya dakika chache, anayeijua bei bila kupiga simu. Mtu huyo mara nyingi ni yule dada aliyeanza kazi asubuhi. Kwa maneno mengine, bosi aliyeandika "njoo DM" amefanya uamuzi wa masoko, lakini mzigo wake ameutua kwenye mafunzo elekezi ambayo hakuyaandaa.

Kuna makosa mengine ambayo mgeni huyafanya kwa sababu tu hakuambiwa. Orodha ya matangazo (broadcast), ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, kwa mfano, hubeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Asiyejua hili hutuma tangazo, husubiri oda hadi adhuhuri, haziji. Mchana anabuni dawa yake: anafungua grupu na kuwaingiza wateja 200 bila kuwauliza. Wengine wanatoka kimya kimya, wengine wanabonyeza kuripoti, na ripoti zikirundikana namba inafungiwa. Wateja wa miaka mingi wamepotea kwa kosa la siku moja. Kinga yake ni sentensi moja kwenye oda ya kwanza ya kila mteja: "Hifadhi namba yetu upate picha za mzigo mpya." Wanaotumia GB WhatsApp na nakala nyingine zisizo rasmi wasishangae wakifungiwa hata bila kumuudhi mtu.

Sasa upande wa pili. Grupu halina kumbukumbu ya kutegemea. Ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 na kufutwa kwa wote hadi siku mbili na zaidi baadaye, kwa hiyo bei iliyokubaliwa Jumatatu inaweza isionekane Jumatano. Maagizo hutolewa kwa sauti: voisi ya dakika tatu ambayo punguzo limetajwa sekunde ya mwisho, baada ya salamu na lawama za foleni. Simu ikijaa, cha kwanza kufutwa ni picha, pamoja na picha za risiti.

Kubwa zaidi ni umiliki. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na biashara nyingi zilianza na laini ya kijana wa mwanzo aliyekuwa na muda wa kwenda kusajili. Akiondoka kwa amani, mnamwomba namba. Akiondoka kwa ugomvi, kisheria laini ni yake. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina la biashara, kwa nyaraka zake, na nenosiri la tarakimu sita la uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp likae kwa mwenye mali, siyo kwenye kava la simu.

Na malipo. Mgeni hupokea skrinishoti ya muamala yenye kila kitu mahali pake, mzigo unatoka na bodaboda, jioni hesabu haikai. Skrinishoti hutengenezwa, na ujumbe wa malipo nao hughushiwa ukitumwa kutoka namba ya kawaida. Sheria ya dukani iwe moja: mzigo hautoki mpaka fedha ionekane kwenye lipa namba ya duka lenyewe na namba ya muamala ifanane. Sheria hii ikikaa kwenye grupu, mgeni hataikuta, maana iliandikwa mwezi uliopita.

Hapo wanaotaka kuhama hupiga meza: basi twende Slack. Polepole. Slack ya bure huonyesha mazungumzo ya siku 90 tu, na yaliyopita mwaka mmoja hufutwa kabisa. Anayekimbia WhatsApp kwa kutafuta kumbukumbu, kisha asilipie, ameruka majivu akakanyaga moto. Trello ni nzuri kwa kazi zenye hatua, kadi inasogea kutoka "imeagizwa" hadi "imefika", lakini bodaboda aliye juani Mbezi hatafungua kadi. Kwa kawaida zana hizi haziuawi na wafanyakazi. Zinakufa siku ambayo bosi anauliza kwenye WhatsApp jambo ambalo jibu lake liko Trello, na mtu akamjibu hapo hapo. Kuanzia siku hiyo kuna kweli mbili, na mgeni ndiye atakayekuwa wa kwanza kuchagua ile isiyo sahihi.

Kwa hiyo kwa biashara ya watu watano hadi kumi na tano, msimamo wetu ni huu: mazungumzo yabaki WhatsApp, kumbukumbu zitoke. Zana ya kuongeza ni moja, jedwali la Google Sheets, na karatasi moja ya maelekezo.

Jedwali lenyewe lina safu kumi: tarehe, namba ya oda, mteja, simu yake, msimbo wa bidhaa, idadi, bei iliyokubaliwa, namba ya muamala, aliyepokea, na hali. Zikizidi kumi na mbili hakuna atakayezijaza dukani pakichangamka. Hali ichaguliwe kwenye orodha kunjuzi (dropdown), isiandikwe kwa mkono, kwa sababu mmoja ataandika "imetoka", wa pili "imetok", wa tatu "OUT", na ukichuja unapata theluthi ya ukweli. Safu ya simu iwekwe muundo wa maandishi kabla ya kuanza. Vinginevyo Sheets hudhani 0712 ni hesabu, hula sifuri ya mbele, na baada ya wiki mbili una namba zisizopigika. Ruhusa ya kutumia faili bila intaneti iwashwe mapema, kwenye kila simu, maana bando likishakatika umechelewa. Akaunti inayomiliki faili iwe ya biashara. Ile ya bure ina GB 15 zinazogawanwa na barua pepe na picha, na kwa jedwali la maandishi hiyo ni nafasi ya miaka.

Kanuni inayoliweka hai ni ngumu kidogo kwa bosi kuliko kwa wengine: bei isiyo kwenye jedwali si bei, hata kama bosi ndiye aliyeiahidi usiku akiwa harusini. Yule mteja wa jora mbili angejibiwa kwa kutafuta namba yake ya simu, sekunde kumi, bila kwenda ghalani.

Mapokezi ya mgeni nayo hubadilika. Siku ya kwanza asiingizwe grupu lolote kabla ya saa sita. Asubuhi ni ya mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inamtaka mwajiri ampe kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa, ujira na stahili zake, na hapo hapo imalizwe hoja ambayo huleta ugomvi baadaye: simu ya kazi ni ya nani na bando linanunuliwa na nani. Siku ya pili mzoefu anajibu wateja, mgeni anajaza jedwali. Siku ya tatu wanabadilishana: mgeni anaandika jibu, mzoefu analisoma kabla halijatumwa. Siku ya nne na ya tano anakaa peke yake, na kila swali analolazimika kuuliza linaandikwa kwenye ile karatasi ya maelekezo, kwa sababu swali la mgeni ni tundu kwenye karatasi. Wageni wawili wakipita hivyo, karatasi inakuwa bora kuliko kitabu chochote cha taratibu kilichonunuliwa kwa mshauri.

Majibu ya haraka yaanze manane tu: bei, mahali tulipo, malipo, usafiri wa Dar, usafiri wa mikoani, kubadilisha mzigo, mzigo umekwisha, na ahsante. Na yaandikwe na mtu anayeuza. Mtindo wa sasa wa kuyaandikisha kwa ChatGPT unatoa Kiswahili cha suti na tai. Mteja anasema "mambo dada, kile cha bluu kipo?", anajibiwa "Ndugu mteja, tunathamini sana kuwasiliana kwako nasi". Anahisi amepiga benki.

Yapo mambo mawili ambayo jedwali haliyatibu. La kwanza ni saa. Sheria hiyo hiyo ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne na zilipwe mara moja na nusu. Kumjibu mteja saa nne usiku ni kazi, hata kama mjibu amelala kitandani. Wauzaji hujitetea kwamba usiku ndipo watu hununua, na ni kweli, watu wametoka kazini wanaperuzi. Basi iwe zamu iliyoandikwa, mmoja ajibu hadi saa nne na aanze kazi kesho yake saa nne asubuhi, na nje ya hapo ujumbe wa kutokuwepo ufanye kazi yake.

La pili ni picha za wateja. Mgeni mwenye bidii huposti stetasi ya mteja aliyependeza, au skrinishoti ya sifa ikiwa na jina na namba. Kenya, mwaka 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza sehemu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 za huko kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Ridhaa iombwe kwa maandishi kwenye mazungumzo yale yale, "tunaweza kuiposti?", na jibu lisifutwe.

Zana za kulipia zinaanza kueleweka pale matawi yanapokuwa mawili au matatu, au wanaojibu namba moja wanapozidi simu moja na vifaa vinne ambavyo WhatsApp huruhusu kuunganishwa. Kabla ya hapo fedha hiyo ni afadhali imlipe mtu wa zamu ya usiku.

Vifaa hivyo vinne ndivyo husahaulika mtu anapoacha kazi. Mtu mwenyewe hutolewa kwenye grupu kwa heshima zote, anaandikiwa maneno mazuri, na kompyuta yake ya nyumbani inaendelea kusoma kila oda inayoingia. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, mtoe, badilisha zile tarakimu sita, ondoa ruhusa yake kwenye jedwali. Ni kazi ya dakika tano, na hufanywa kabla ya soda za kumuaga.