Ukija Tanga usiishie kupiga picha majengo ya Wajerumani

Mi nitasema ukweli wangu, watu wengi wanaokuja kutembea Tanga wanaiona nusu. Mtu anashuka stendi ya Kange, moja kwa moja mapango ya Amboni, akirudi anapiga picha mbili tatu kwenye yale maghorofa ya Mjerumani pale Bombo, jioni yuko Raskazone anakula samaki na upepo wa bahari, kesho asubuhi huyoo Lushoto au Pangani. Akifika kwao anasema Tanga pazuri ila mji umelala. Jamani huu mji umefanya kazi kuliko miji mingi sana ya nchi hii, na hiyo kazi ndo hakuna anayekuonyesha.

Anza na mkonge, maana bila mkonge huielewi Tanga. 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kama elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na mwaka huohuo reli ya Usambara ikaanza kujengwa kutokea hapa Tanga mjini kupanda juu, ikafika Moshi 1911. Hiyo miche 62 ikazaa mashamba yanayoanza karibu na mji yakaenda Muheza, Hale, Korogwe mpaka macho yanachoka, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa kama tani 230,000 kwa mwaka, duniani hakuna aliyetufikia.

Sasa nani alikuwa anakata? Manamba. Watu walitolewa Songea, Kigoma, Njombe, wengine Burundi na Msumbiji, wanakuja na mkataba, wanapewa kipande, yaani kadi ya kazi, kila siku ya kazi inawekwa alama na isipowekwa hakuna hela. Jani la mkonge lina mwiba nchani mgumu kama sindano ya kushonea magunia, mkataji anauondoa kwanza ndo anafunga mzigo wa majani 30, halafu mwingine, na mwingine, juani. Mi kitu ninachomwambia kila mgeni ni kwamba akaombe ruhusa kwenye ofisi ya shamba lolote linalofanya kazi njia ya Korogwe akaione korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ikizunguka. Majani yanaingia upande huu yamepangwa kwenye mkanda, yanapondwa na kukwanguliwa na maji mengi, kelele huwezi kusikilizana, harufu kali ya uchachu inakukaa kwenye nguo, upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi za mkonge, mbichi za kijani kijani ambazo zinaanikwa kwenye nyaya mpaka zigeuke nyeupe, ndo zinapigwa brashi na kufungwa marobota. Katika jani zima singa ni kama asilimia 4 tu, yote yaliyobaki ni maji na makapi, na ndo maana pale Hale wakajenga mtambo wa kutoa umeme kwenye hayo makapi, kitu ambacho sijui kwa nini hatujivunii zaidi.

Wako wanaosema Azimio la Arusha ndo liliua mkonge. Mi siwakubalii kirahisi hivo, bei ilishaanza kuporomoka kabla ya 1967 kwa sababu kamba za plastiki zilishaingia sokoni, ingawa na sisi baada ya kuyataifisha yale mashamba hatukuyatendea haki, mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumebaki na kama tani 20,000. Na viwanda vingine navyo, kiwanda cha mbolea kilianza 1972 kikafungwa 1991, watu wazima na familia zao wakabaki wanaangaliana. Kwahiyo ukiona mtaa umetulia ujue huo utulivu una historia ya ajira zilizoondoka, sio uvivu wa watu wa Tanga, hilo linaniuma sana nikilisikia.

Ndo maana nasema tembea Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, barabara ya nane, ya kumi, ya kumi na mbili, tembea kwa miguu au kodi baiskeli, kaa kibarazani uombe kahawa uongee na wazee. Utakuta mzee baba yake alikuja kama manamba, mwingine alikuwa reli, mwingine kuli bandarini. Hawa ndo waliokuwa wanajaza dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ndo waliokuwa wanagombana Black Star na Lucky Star nani mkali wa taarabu, ndo mashabiki wa timu za mpira za Coastal na African Sports pale uwanja wa Mkwakwani. Starehe yote hiyo ilikuwa na mishahara nyuma yake.

Makumbusho ya Urithi pale boma la zamani wamejitahidi, nendeni mkawaunge mkono. Lakini bado tunatunza zaidi alipokaa bosi kuliko alipofanyia kazi kibarua. Mashine za zamani zinakatwa zinauzwa vyuma chakavu kwa kilo, na ikishakatwa ndo basi.

Na bandari ndo inanipa haraka zaidi. Miaka yote meli kubwa zilikuwa zinatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari, yale mabodi ya chuma ya kubebea mizigo, tagi, yaani boti ya kuvuta, inayavuta mpaka gatini, kazi mara mbili kwa mzigo uleule. Sasa hivi kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, gati mpya za mita 450 zipo, meli inafunga yenyewe, na upande wa Chongoleani bomba la mafuta la kutoka Uganda linakuja. Nafurahi kabisa, vijana wapate kazi. Ila naomba bandari na halmashauri ya jiji, kabla matishari yote hayajaenda kwa wanunuzi wa chuma, toeni moja tu mliweke nchi kavu pale karibu na bustani ya Jamhuri, muwaite makuli waliolifanyia kazi waje waeleze lilivyokuwa linapakuliwa, muwarekodi wakiwa bado wapo.