Sitaunga waya huo, mama

Jumatano iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa mtaa wa pili, huku kwetu Chanika, Dar es Salaam. "Fundi, nina kakazi kadogo, njoo na waya wako." Nikadhani soketi imeungua, au taa ya nje imezingua. Nilipofika akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku.

Wiki iliyotangulia waliingia usiku, wakakata wavu, wakabeba kuku 38 na kumwachia wagonjwa watatu. Alikuwa akiwalisha kwa ajili ya sikukuu. Alichotaka kwangu ni hiki: nitoe waya wa moto kwenye soketi ya jikoni, niuunge kwenye wavu wa banda, halafu nimwekee swichi chumbani. Saa nne usiku anawasha, alfajiri anazima. Shilingi 60,000 alikuwa nazo mkononi, ameshazihesabu.

Nikamwambia, "Mama yangu, hiyo kazi siifanyi."

Akanitazama kama nimemtukana. "Kumbe na wewe unawatetea wezi?"

Swali hilo limenikaa kifuani siku zote hizi. Jioni yake mtu akaliweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na majibu yakaja kwa makumi: wachomwe, wakaangwe, mwizi hana haki, fundi gani huyu. Nilikaa kimya kule kwa sababu mambo haya hayaandikiki kwa mistari miwili. Nayaandika hapa.

Kwanza, kuibiwa nakujua. Mwaka juzi begi langu la vifaa lilichukuliwa saiti, Pugu, mchana kweupe, nimeenda kununua maji tu. Drili niliyoilipia kwa miezi mitano, mita, koleo, vyote. Wiki tatu nilikuwa naazima vifaa vya wenzangu kama mwanafunzi. Usiku ule ningemkuta aliyechukua sijui ningemfanya nini, na sipendi kujidanganya kwamba ningemshauri vizuri. Kwa hiyo uchungu wa yule mama siudharau. Kuku 38 ni ada ya mtoto.

Lakini mimi ni fundi umeme, mwaka wa 14 huu, na najua alichokuwa ananiomba kuliko anavyojua mwenyewe. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Vile vifaa vya kukata umeme unapovuja hupangwa vikate kwenye miliampia 30, kwa sababu zaidi ya hapo mtu anaanza kushindwa kupumua na moyo unapoteza mpangilio. Breka ya soketi yeye anayo ya ampia 20, yaani miliampia 20,000. Breka hiyo inalinda waya usiungue, haina habari na mtu. Binadamu anaweza kukakamaa kwenye wavu ule usiku kucha, breka ikiwa imetulia kama hakuna lililotokea. Na umeme wa namna hii ukikushika kiganja kinajifunga. Hata ukitaka kuachia, mkono haukusikii tena.

Wengi wananijibu: mbona mahotelini na kwenye majumba ya wakubwa kuna nyaya za umeme juu ya ukuta? Zile zinaendeshwa na mashine yake maalumu. Inatuma mpigo mmoja kama kila sekunde, na kila mpigo ni mfupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde. Volti ni nyingi, nguvu inayoingia mwilini ni kidogo, na katikati ya mpigo na mpigo mkono unapata nafasi ya kuachia. Inaumiza, inafukuza. Pia inawekwa juu, na kibao cha onyo. Wavu wa banda uliounganishwa na soketi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Anayeviita vyote kwa jina moja, fensi ya umeme, anadanganya watu wake.

Na waya hauna macho. Hapa ndipo ninapogombana na kila mtu. Ukiamka usiku ukamkuta mtu sebuleni na panga, una macho: unaona panga, unaona watoto wako, unaamua. Unaweza kukosea, lakini umeamua wewe, saa ileile, ukiwa mbele ya hatari yenyewe. Waya unaamua lini? Umeshaamua tangu saa nne usiku, kabla hajaja mtu. Atakayeugusa ndiye. Mwizi, sawa. Je, kijana wa jirani aliyeruka kufuata mpira? Mlevi aliyepotea njia? Mgonjwa wa akili ambaye mtaa mzima tunamjua, anayelala popote? Mjukuu wake mwenyewe aliyeamka kwenda chooni nje, na bibi kasahau kuzima? Mvua ikinyesha, ardhi ikalowa, hata mimi fundi sijui umeme ule utaishia wapi.

Mdogo wangu anasomea sheria. Nilimpigia usiku uleule, tukaongea saa nzima mpaka bando likakata. Akanisimulia kesi ya Uingereza, ya tangu mwaka 1825, mjini Bristol. Bwana mmoja alikuwa na bustani ya maua ya thamani, akaibiwa maua yale. Akatega bunduki kwa kamba: ukikanyaga kamba, inajifyatua. Hakuweka onyo, maana alitaka kumnasa mwizi. Aliyeingia hakuwa mwizi. Alikuwa kijana wa miaka 19, amepanda ukuta mchana ili kumrudisha tausi jike wa jirani aliyetorokea humo. Bunduki ikamvunja goti. Mahakama ikamhukumu mwenye bustani alipe. Kesi ilikuwa haijaisha Bunge lao likapiga marufuku mitego hiyo, mwaka 1827, ingawa waliwaachia watu ruhusa ya kuitega ndani ya nyumba ya kuishi usiku.

Ndege ametoroka, kijana kamfuata. Miaka 200 imepita, na nikimtazama yule mama na banda lake naona kisa kilekile kinasubiri kutokea Chanika.

Mdogo wangu akaniambia na ya Marekani, jimbo la Iowa, huko ambako bunduki si ajabu. Wenye shamba walikuwa na nyumba ya zamani isiyokaliwa na mtu, inavunjwa kila mara. Wakafunga bunduki kitandani ikitazama mlango. Aliyefungua mlango alikuwa mwizi kweli, amefuata chupa na mitungi ya kale, na mguu wake ukaharibika. Mwaka 1971 mahakama ya juu ya jimbo ikakubali alipwe dola 30,000, na wenye shamba wakauza sehemu ya ardhi yao ili walipe. Watu wengi walikasirika. Mimi pia nilipoisikia mara ya kwanza nilikasirika: mwizi analipwaje? Ila sababu ya mahakama nikaielewa. Usichoruhusiwa kumfanyia mtu ukiwa umesimama pale mwenyewe, huwezi kukitegea na ukaenda kulala.

Sasa ya kwetu. Hapa nataka wale wa kundini wasome polepole, maana wanasema sheria ya Tanzania inamlinda mwizi na kumfunga mwenye mali. Haisemi hivyo. Kanuni ya Adhabu, yaani sheria yetu ya makosa ya jinai, inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwenzio na kulinda mali, yako au uliyokabidhiwa. Kisha inakuwekea mpaka: nguvu unayotumia iwe ya kiasi, ile inayohitajika kwa ulinzi huo. Ukizidisha, unawajibika kwa ulichozidisha, na mtu akifa kwa kuzidisha kwako, ni kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Halafu inakwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mtu akivunja nyumba yako usiku, akija kukupora, akitaka kuchoma moto, na wewe ukaamini kwa dhati, kwa sababu za msingi, kwamba hukuwa na njia nyingine, sheria inakuelewa hata kama aliyekuja ameuawa. Panya road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, walipotutesa mwaka 2022, waliosimama milangoni na mashoka simlaumu hata mmoja.

Kuku ni jambo lingine. Wizi wa kawaida, ukifikishwa mahakamani, ukathibitishwa, hakimu akiamua kukukomoa, mwisho wake ni miaka 7. Serikali yenyewe yenye magereza na bunduki haiwezi kumuua mwizi wa kuku. Ruhusa hiyo ameipata wapi fundi wa Chanika kwa shilingi 60,000?

Tena mdogo wangu aliniambia jambo lililonitoa jasho. Kutega umeme ukijua utaua au kudhuru vibaya, hata kama hukumlenga yeyote, hata kama hukujali nani atakufa, mtu akifa sheria inaweza kukuhesabia kujua huko kuwa dhamira ya kuua. Hapo hatuzungumzii tena kuzidisha nguvu. Tunazungumzia kunyongwa, na aliyesaidia anashtakiwa sawa na aliyetenda. Mama akisema hakujua umeme utaua, labda ataaminiwa. Mimi nani ataniamini?

Lakini nisijifiche nyuma ya kamba. Sababu yangu kubwa siyo kitanzi.

Nilipokuwa najifunza kazi, nina miaka 17, mafundi walimkamata kijana kwenye saiti na roli la waya wa kopa. Nilikuwa namjua kwa sura, alikuwa anabeba zege pale. Mtu akapiga kelele ya mwizi, na mnajua kelele ile ikipigwa barabarani watu wanatoka wapi. Bosi wangu, mwenye waya, alishaupata waya wake, ameushika mkononi. Hakuna mali iliyobaki ya kulinda. Na bado tulimpiga. Nasema tulimpiga kwa sababu mimi nilirusha jiwe moja. Lilimpata begani, akageuka kutazama limetoka wapi, akaniona. Kesho yake gazeti liliandika wananchi wenye hasira kali. Mimi sikuwa na hasira yoyote. Nilirusha kwa sababu wote walikuwa wanarusha.

Waya ule leo hauzidi bei ya kuku wa yule mama.

Nakubali, ukienda kituoni utaambiwa gari halina mafuta, na mtuhumiwa utakutana naye gengeni baada ya siku mbili, yuko nje kwa dhamana. Nakubali sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianza kule Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980 kwa sababu hizohizo, ng'ombe wanaondoka na askari hafiki, na serikali ikaishia kuwatambua kisheria mwaka 1989. Hasira ina chanzo. Ulinzi shirikishi wa mtaa wetu umekufa kwa sababu watu hawatoi shilingi 2,000 kwa mwezi, na walewale wasiotoa ndio walioandika "wakaangwe".

Nilimwambia mama nitamfungia taa mbili zenye sensa na king'ora kidogo, bure, anunue vifaa tu. Banda alihamishie upande wa dirisha lake. Akasema atafikiria.

Jana jioni nilipita kwa nyuma. Kuna waya mweusi mpya unatoka dirisha la jikoni, unaingia kwenye wavu, umeungwa kwa mkono bila hata tepu. Amepata fundi mwingine. Asubuhi hii nimeongea na mjumbe, na saa nne nina miadi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nitakwenda na testa yangu. Mchana nitarudi kwa mama, akinifukuza nitakaa barazani mpaka anisikie. Nyuma ya banda lile kuna kiwanja, na watoto hucheza mpira pale kila siku mpaka giza linaingia.