Swali la Pili: Mwaka 1977 Angani

"Kwani hajatoka?"

Aliyeuliza ni Willem Schreuder, injinia ndani ya Boeing 747 ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, jioni ya Jumapili tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania. Nahodha hakumsikia sawasawa, akamwambia: unasemaje? Schreuder akarudia: hajatoka, yule wa Pan American? Alimaanisha ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, kama imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Nahodha akamjibu kwa mkazo kwamba ametoka, na mazungumzo yakaishia hapo. Hazikupita sekunde 20, ndege mbili kubwa zikagongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 wakafa. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi.

Wengi wakiutaja mwaka 1977 huanza na idadi hiyo. Mimi kila nikisoma habari za mwaka ule narudi kwa Schreuder na swali lake, kwa sababu naamini ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea angani mwaka ule, na sisi Waswahili linatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Ndege zote mbili hazikupaswa kuwa Tenerife siku hiyo. Zilikuwa zinakwenda Gran Canaria, kisiwa cha jirani, lakini bomu lililipuka kwenye jengo la abiria kule na ndege zikaelekezwa Los Rodeos. Uwanja ule mdogo ukafurika. Njia ya pembeni ikazibwa na ndege zilizoegeshwa, kwa hiyo aliyetaka kuruka alilazimika kutembeza ndege kwenye njia yenyewe ya kurukia, kufika mwisho, kugeuza, ndipo aondoke. KLM wakatangulia. Pan Am wakafuata nyuma yao, wakitafuta mchepuko wa kutokea. Los Rodeos iko juu mlimani, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na mawingu hushuka hadi chini. Ukungu ukashuka. Mnara wa kuongozea ndege haukuziona, wala ndege hazikuonana.

Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mwalimu mkuu wa marubani wa 747 katika kampuni yake. Picha yake ilikuwa kwenye matangazo ya KLM. Rubani msaidizi, Klaas Meurs, alikuwa amepimwa na nahodha huyohuyo miezi michache tu nyuma ili apewe cheti cha kurusha 747. Mtu aliyekusahihishia mtihani ndiye amekaa kushoto kwako, na sheria mpya za saa za kazi za Uholanzi zinambana: wakichelewa zaidi, safari inalala.

Walipomaliza kugeuza, nahodha akaanza kusukuma injini. Meurs akasema: ngoja, bado hatujapewa ruhusa. Nahodha akajibu kwamba anajua, endelea, omba. Meurs akaomba, mnara ukampa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kupaa. Hiyo haikuwa ruhusa ya kuruka. Lakini Meurs akiwa bado anayarudia maelekezo hayo redioni, nahodha akaachia breki. Ndege ikaanza kwenda.

Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Meurs alijua. Dakika hiyohiyo alikuwa amemsahihisha mkubwa wake, na alikuwa sahihi. Kosa lilelile likarudi mara ya pili, na mara hii hakusema ngoja. Badala yake akamalizia kwa haraka kuuambia mnara maneno yasiyo wazi, kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mwongoza ndege akaelewa kuwa wamejipanga, wanasubiri. Akasema sawa, kisha akawaambia wangoje. Wakati huohuo Pan Am wakasema wao bado wako njiani. Sauti mbili zikakutana kwenye masafa mamoja, na ndani ya KLM ukasikika mluzi mkali juu ya maneno.

Lakini kilichosikika kilimtosha Schreuder kuingiwa na shaka, akauliza. Ndege ilikuwa haijafikia ile kasi ambayo ukishaipita huwezi tena kusimama. Breki zilikuwepo, na njia ya mbele ilikuwepo. Alipojibiwa "ametoka", akanyamaza. Watu wote 248 waliokuwa ndani ya KLM walikufa, na 335 upande wa Pan Am. Wakapona 61.

Neno la kwanza kwa mkubwa si gumu sana. Unasema "samahani mzee", unatupia swali, moyo unatulia kwamba umetimiza wajibu. Neno la pili ndilo zito. Ukishajibiwa ukarudia, tayari wewe ni mjuaji, una kimbelembele, hukufunzwa kwenu. Tumekuzwa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na naipenda methali ile, imeniokoa mara nyingi. Ila hatukupewa yenye nguvu sawa ya kumsaidia mdogo mkuu anapokosea na guu litakalovunjika ni la wote.

Mwezi huohuo wa Machi, mjomba wangu alikuwa anafunga mizigo Nairobi. Alikuwa fundi wa East African Airways pale Embakasi, Mtanzania miongoni mwa Wakenya na Waganda, na shirika lilikuwa limekufa. Lilianzishwa mwaka 1946, likafika mahali pa kurusha Super VC10, jeti kubwa ya Kiingereza, hadi London, kisha Jumuiya ilipovunjika nalo likavunjika. Kenya Airways ikaanza mwanzoni mwa mwaka huo, Air Tanzania ikaundwa tarehe 11 Machi, na Uganda ikashika njia yake. VC10 zilichukuliwa na wadai zikarudi Uingereza, ambako nne ziligeuzwa kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani katika jeshi la anga, na za mwisho ziliruka hadi mwaka 2013. Mjomba hakuishi kuona hilo. Angefurahi, maana VC10 alikuwa akiitaja kama mtu anavyomtaja ng'ombe wake bora.

Nilipokuwa mdogo alinionyesha kitabu chake cha kazi, jalada la kijani limechakaa pembeni na lina harufu ya grisi mpaka leo. Kila ukurasa una sahihi mbili: ya aliyefanya kazi na ya aliyekagua. Nikamwuliza, "Mjomba, na kama aliyefanya kazi ni bosi?"

"Mjomba," akanijibu, maana na yeye aliniita hivyo, "karatasi haina shikamoo. Hujaona kwa macho yako, huweki sahihi. Hata awe nani."

Alikuwa mkali wa heshima nyumbani, huyo. Ukimpita bila kumsalimu utajuta. Lakini kazini alijua kwamba chuma hakijui umri wa mtu. Tarehe 14 Mei mwaka uleule, Boeing 707 ya mizigo iliyotoka Nairobi ilikuwa inakaribia kutua Lusaka pale sehemu ya bawa dogo la mkiani upande wa kulia ilipokatika. Nyufa za uchovu wa chuma zilikuwa zimekua ndani kimya kimya. Walikufa watu sita wote waliokuwemo, na baada ya hapo dunia ikaanza kuzikagua ndege kuukuu kwa jicho jingine. Ufa hauna mdomo wa kusema. Binadamu anao, ndiyo maana kimya chake kinaniuma zaidi.

Mwaka 1977 ulikuwa na furaha zake pia. Rubani wa Kisovyeti, Alexander Fedotov, aliipandisha ndege ya kivita MiG-25 hadi mita 37,650, rekodi ya kwenda juu kwa ndege ya jeti iliyoruka kutoka ardhini. Concorde, ndege yenye kasi kuliko sauti, ikaanza safari za abiria kwenda New York mwezi Novemba. Freddie Laker, Mwingereza mwenye shirika lake la ndege, akaanza kuwavusha watu wa kawaida Atlantiki kwa nauli ya chini.

Lakini ninaloliona bora lilitokea Shafter, California, tarehe 23 Agosti. Paul MacCready, injinia Mmarekani, alikuwa na deni la kama dola 100,000, na kulikuwa na zawadi ya pauni 50,000 iliyowekwa na Henry Kremer, tajiri wa viwanda wa Uingereza, kwa ndege ya kwanza itakayoendeshwa kwa nguvu za binadamu pekee na kuzunguka umbo la nane kati ya nguzo mbili. Zawadi ile ilikaa miaka mingi bila mwenyewe. Waliojaribu kabla yake walijenga ndege nzuri, zenye ubao uliochongwa kwa ustadi, na ilipoanguka moja, matengenezo yalichukua miezi. MacCready akatengeneza kitu cha mabomba membamba ya alumini, nyaya na karatasi ya plastiki, kizito kama gunia dogo la mahindi lakini chenye mabawa mapana kuliko ya Boeing 737 ya wakati ule. Ikianguka, wanaifunga kwa gundi na utepe, inaruka tena upesi. Mwendesha baiskeli Bryan Allen akapiga pedali, akaifikisha. Katika karakana ile kosa lilikuwa rahisi kulionyesha na rahisi kulitengeneza. Ndani ya chumba cha marubani cha KLM, kosa la nahodha lilikuwa kitu ambacho hakikutarajiwa kuwepo kabisa.

Baada ya Tenerife, neno la kuruka likafungiwa: halitamkwi redioni mpaka wakati ruhusa yenyewe inatolewa au inafutwa. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, wakaita wataalamu kujadili jinsi wafanyakazi wa chumba cha marubani wanavyosikilizana, na mwaka 1981 United Airlines wakaanza kufundisha jambo hilo rasmi: mdogo aseme, akipuuzwa aseme tena, na mkubwa afundishwe kusikiliza. Mafunzo hayo yameenea dunia nzima.

Hata hivyo hayashuki yenyewe hadi mioyoni. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways, shirika lililozaliwa mwaka uleule wa Tenerife, iliruka usiku kutoka Douala na kuanguka muda mfupi baadaye kwenye kinamasi cha mikoko. Watu 114 walikufa. Wachunguzi wa Cameroon walieleza marubani waliopoteza mwelekeo gizani, na wakagusa pia walivyokuwa wawili wale: nahodha mwenye kutawala, msaidizi mwenye kujirudisha nyuma. Nilipoisoma nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye basi la kwenda Iringa. Tulipopita Mikumi jua likizama, nilikuwa kiti cha pili, namwona dereva kwenye kioo. Kichwa kilikuwa kinashuka. Kondakta, kijana wa miaka 20 hivi, akasema, "Bro, vipi?" Dereva akajibu, "Nipo." Kijana akarudi kutazama simu. Nami sikusema kitu.

Bibi mmoja aliyevaa kitenge cha bluu akainuka na kapu lake, akaenda kukaa kwenye ngazi karibu na gia.

"Mwanangu, umelala?"

"Sijalala, bibi."

Akakaa kimya kama dakika mbili. "Mwanangu, umelala?"

"Bibi, nimekwambia sijalala."

"Haya." Akachungulia barabara. Kisha tena, kwa sauti ileile, "Mwanangu, umelala?"

Dereva akacheka kidogo, akajipangusa uso. Ruaha Mbuyuni, kwenye mafungu ya vitunguu, akasimamisha basi kabla ya kupanda Kitonga, akashuka, akaomba ndoo ya maji kwa wauza vitunguu na kujimwagia kichwani. Bibi alibaki palepale kwenye ngazi, anamsubiri.